Inakuwaje risasi yenye baruti kidogo ipasue bunduki? Na hapa Dar mtu anaruhusiwa kujijazia risasi nyepesi za kulenga makopo na kupiga kanga?

#1 Kanga Mwitu
Wakuu, habari za jioni.

Baba yangu mdogo ana raifo ya .303, Lee-Enfield, leseni yake iko sawa na msimu ukifunguliwa huwa tunatoka naye kuwinda kwa kibali. Shida ni kwamba bunduki ile ni kubwa mno kwa ndege. Kanga akipigwa vizuri, nyama ya kifuani hakuna, unaokota miguu na manyoya. Na risasi zenyewe ni adimu na ghali, unaona uchungu kuipoteza hata moja kwenye kopo la maziwa.

Sasa nimekuwa nikisoma jinsi Wamarekani wanavyofanya. Wanachukua ganda lililokwisha kupigwa, wanatoa fataki ya zamani (kile kidude cha kitakoni kinachowasha baruti), wanabana mpya, wanaweka baruti kiduchu na juu yake kichwa cha risasi walichosubu wenyewe nyumbani. Bunduki inatoa mlio kama wa kofi, haimsukumi mtu, na wanalenga makopo mchana kutwa kwa bei ya chee. Wanaiita mizigo iliyopunguzwa.

Nimekwama hapa: humo humo wanaonya kwamba ukipunguza baruti vibaya, bunduki inaweza kupasuka. Baruti ikipungua si nguvu nayo inapungua? Iweje kidogo kiwe hatari kuliko kingi? La pili, sheria yetu inasemaje? Wajuvi karibuni.

#2 Mtoto wa Temeke Mwisho
Nimevuta kiti, nasubiri wajuvi.

#3 Wakili wa Kinondoni
Naanza na la sheria ili tusipotezane. Sheria ya silaha na risasi ya mwaka 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991, haimruhusu mtu binafsi kutengeneza silaha wala risasi bila kibali. Leseni ya baba mdogo ni ya kumiliki bunduki ile na kununua risasi zake kwa idadi aliyopangiwa. Haigeuki kuwa leseni ya karakana. Kujaza ganda nyumbani kwako Mbezi ni kutengeneza risasi, hata kama unajaza kijiko kimoja cha chai.

Usisahau pia Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009. Kanga na kwale ni wanyamapori. Bila leseni ya uwindaji, iwe risasi nzito, nyepesi au manati, kosa ni lile lile.

Kwa hiyo mkuu, la pili limeshajibika. La kwanza waje mafundi.

#4 Kanga Mwitu
Asante wakili. Basi uzi ubaki wa kuelewa, sio wa kwenda kutenda. Nataka kujua tu kwa nini inakuwa hivyo.

#5 Fundi Mtutu
Nimefanya kazi ghala la silaha miaka mingi, sasa nimestaafu nipo Chanika na kuku zangu. Nakujibu kijana.

Baruti ya kisasa isiyo na moshi hailipuki, inaungua. Kasi ya kuungua inategemea mgandamizo uliopo ndani ya ganda. Mgandamizo ukipanda, inaungua upesi zaidi, na kuungua huko kunaupandisha mgandamizo tena. Mtengenezaji anapima mwenendo huo kulingana na ganda, uzito wa kichwa na urefu wa mtutu. Kwa hiyo baruti zinatofautiana. Kuna za haraka, zinazowekwa kwenye bastola na shotigani, na kuna za polepole, zinazowekwa kwenye raifo kubwa.

Mtu anayejaza risasi nyepesi kwa usahihi hapunguzi baruti ile ile ya polepole mpaka robo. Anabadilisha aina, anatumia ya haraka kwa kiasi kidogo kilichopimwa na kuandikwa kwenye vitabu vya kujazia. Wanaopata ajali mara nyingi ni wale wanaochukua baruti ya polepole na kuikata nusu kwa kukisia. Hapo inaungua ovyo, haina mpango. Sasa inaungua ovyo vipi hadi chuma kipasuke, hilo watu wamebishana tangu sijazaliwa.

#6 Mbongo wa Minnesota
Shikamoo mzee Fundi. Wakuu, mimi nipo Marekani na huku kujijazia risasi kwa matumizi yako mwenyewe ni jambo la kawaida, vifaa vinauzwa dukani kama vifaa vya uvuvi. Nina raifo ya .30-06 na ninaijazia nyepesi kwa ajili ya sungura na makopo.

Niseme ninavyoona. Ganda la .30-06 ni kubwa. Kiasi kidogo cha baruti ya haraka kinakaa chini kabisa na juu kunabaki ukumbi mtupu. Maana yake ukijisahau ukamimina mara mbili, ganda linapokea bila kulalamika, tena hata mara tatu linapokea. Risasi ya nguvu kamili ukimimina mara mbili baruti inamwagika mezani, unajua papo hapo. Hii nyepesi haikwambii kitu.

Kwa hiyo mimi naamini hadithi nyingi za "baruti kidogo imepasua bunduki" ni baruti mara mbili. Mwenye bunduki hawezi kukubali, maana ushahidi umeshaungua. Mimi nayapanga maganda yote kwenye kibao chenye matundu, namulika na tochi ndani ya kila moja kabla sijaweka kichwa. Linaloonekana tofauti na jirani zake linamwagwa na kupimwa upya.

#7 Fundi Mtutu
Marahaba. Hiyo ya kumimina mara mbili ni kweli na ndiyo inayoongoza. Lakini haielezi zote. Watengenezaji wenyewe wa baruti wanaonya kuhusu kupunguza. Kampuni ya Hodgdon wameandika kwamba baruti yao ya H110 isipunguzwe zaidi ya asilimia 3 chini ya kipimo chao. Kama tatizo ni kumimina mara mbili tu, onyo hilo lingekuwa la nini? Na hao hao Hodgdon wanaruhusu baruti yao nyingine, H4895, ishushwe mpaka asilimia 60 ya kipimo chake cha juu. Tofauti iko kwenye tabia ya baruti, sio kwenye usahaulifu wa mtu.

#8 Mwalimu wa Fizikia Tabata
Mzee Fundi yuko sahihi kwamba kuna zaidi ya sababu moja. Nadharia nilizokutana nazo:

Baruti ikiwa kidogo na ganda limelala, inajitandaza kwenye ubavu wa chini. Moto wa fataki unapita juu yake wote kwa mara moja badala ya kuanzia nyuma kwenda mbele. Eneo kubwa linashika kwa pamoja na mgandamizo unapanda ghafla.

Nyingine inasema gesi ikiwa na nafasi kubwa inaenda na kurudi ndani ya ganda kama wimbi. Wimbi likigonga kitako cha kichwa cha risasi na kurudi, mahali fulani mgandamizo unazidi ule wa wastani uliopimwa.

Ya tatu ndiyo inayonivutia. Fataki peke yake ina nguvu ya kukitoa kichwa kwenye shingo ya ganda na kukisukuma hadi kwenye mwanzo wa mifuo ya mtutu, ile mifereji ya ndani inayoizungusha risasi. Baruti ya polepole inakuwa bado haijashika vizuri. Kichwa kinasimama pale kwa muda mfupi mno. Baruti inaposhika sawasawa inakuta mtutu umezibwa, na kukiondoa kichwa kilichosimama kwenye mifuo ni kazi kubwa kuliko kuendelea kukisukuma kikiwa kwenye mwendo.

#9 Mbongo wa Minnesota
Mwalimu, kama nadharia ya tatu ni kweli mbona maabara zinahangaika kuitoa tena kwa makusudi? Watu wamejaribu, risasi nyingi zinapita salama.

#10 Mwalimu wa Fizikia Tabata
Kushindwa kuirudia hakumaanishi haipo, kunamaanisha inahitaji mambo kadhaa yakutane. Ganda, fataki, joto, ugumu wa kichwa, hata uchafu wa mtutu. Ajali inayotokea mara moja moja ndiyo ngumu kuliko zote kuichunguza.

#11 Mbongo wa Minnesota
Au inahitaji jambo moja tu: kumimina mara mbili.

#12 Mtoto wa Temeke Mwisho
Hahaha Mbongo haachii. Endeleeni wakuu.

#13 Dada Chubwi
Hamjambo. Nataka nimrudishe Kanga kwenye kichwa cha risasi chenyewe, maana hapo watu wanapita haraka na ndipo penye sumu.

Baba yangu alikuwa mvuvi wa Kigamboni, chubwi za nyavu walikuwa wanasubu wenyewe uani, sufuria kuukuu juu ya mkaa, kalibu ya mchanga. Madini ya risasi yanayeyuka kwa nyuzi 327, mkaa unafika bila shida. Yanang'aa sana yakiwa mapya kisha yanajifunika utando wa kijivu. Tone moja la maji likiingia kwenye sufuria linageuka mvuke papo hapo na kurusha madini juu. Nimeona mkono wa kaka yangu. Dar na jasho lake na mvua zisizopiga hodi, huo ni mchezo mbaya.

Kubwa zaidi, wengine walikuwa wanavunja betri kuukuu za magari. Tafadhali mtu asifanye hivyo. Betri zina asidi na zina madini mengine ndani yanayotoa gesi ya sumu. Hata wanaojaza risasi huko nje wanakatazana betri. Na vumbi la risasi linaingia mwilini mwa mtoto taratibu, linaharibu ubongo, hakuna homa ya kukushtua. Sufuria iliyosubiwa isirudi jikoni kamwe.

#14 Mbongo wa Minnesota
Dada umesema kweli kabisa. Huku tunasubu nje, upepo ukitoka mgongoni, na hatuli wala hatuvuti sigara mpaka tunawe mikono. Hata vyuma vya kubalansia matairi siku hizi ni vya kuangalia, vingi ni zinki, na zinki ikiingia kwenye sufuria inaharibu mchanganyiko wote.

Kuhusu kichwa chenyewe, Kanga: cha madini ya risasi matupu bila gamba la shaba hakiwezi kwenda kwa kasi ya raifo kamili. Kinaacha madini yake kwenye mifuo na usahihi unapotea. Ndiyo maana wanakipaka nta, na wanaotaka kasi zaidi wanakivalisha kikombe kidogo cha shaba kitakoni. Shingo ya ganda nayo inapanuliwa kidogo mdomoni, la sivyo inakikwangua kichwa kikiingia.

#15 Kanga Mwitu
Nawashukuru. Kasi yake inakuwa kiasi gani? Baba mdogo anasema risasi nyepesi ya .303 ni sawa na ya bunduki ndogo ya .22 tu.

#16 Mwalimu wa Fizikia Tabata
Si sawa, na hili ni la kuangaliwa kwa makini. Tupige hesabu.

.303 ya kijeshi ya kawaida: kichwa gramu 11.3, kasi mita 744 kwa sekunde. Nishati yake ni jouli 3,100 na kitu. .22 ya kawaida: gramu 2.6, mita 330 kwa sekunde, jouli 140 hivi. Sasa chukua kichwa cha risasi tupu cha gramu 11 kikiwa na kasi ile ile ya .22. Unapata karibu jouli 600. Ni mara nne ya .22! Kwa kanga ni nyingi, na kwa jirani aliyeko nyuma ya kichaka ni nyingi zaidi. Tena .22 yenyewe inaweza kusafiri zaidi ya kilomita moja ikielekezwa juu.

#17 Mpiga Debe Mstaafu
Hiyo 330 ndiyo kasi ya sauti, kwa hiyo hapo ndipo mlio mkali unakatika, sivyo?

#18 Mwalimu wa Fizikia Tabata
330 ni karibu na nyuzi sifuri. Sauti inaenda kasi zaidi kwenye joto. Kwa nyuzi 15 ni kama mita 340, na kwa nyuzi 30 za hapa kwetu ni karibu 349. Risasi ikibaki chini ya hapo haitoi ule mpasuko wa hewani, unasikia wa mdomo wa mtutu peke yake. Kwa hiyo risasi ile ile inaweza kupasua hewa kwenye baridi ya Makete na isipasue Dar.

#19 Mpiga Debe Mstaafu
Safi mwalimu. Basi ndiyo dawa ya kunguru wa Dar! Hawa weusi wenye shingo ya kijivu wamemaliza vifaranga vyangu Mbagala. Risasi nyepesi, mlio mdogo, jirani hasikii.

#20 Wakili wa Kinondoni
Mzee, usijaribu. Kufyatua bunduki katikati ya makazi ni kosa lenyewe, mlio uwe mdogo au mkubwa. Jouli 600 zikimkosa kunguru zinatua kwa nani Mbagala?

#21 Dada Chubwi
Kunguru hao si wa kwetu hata, waliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890 wakaenea pwani yote. Bunduki haiwawezi, wana akili mno, wakimwona mmoja amekufa wote wanahama mti. Mitego ya wavu na chambo ndiyo inayofanya kazi. Weka wavu juu ya banda la vifaranga mzee wangu.

#22 Mpiga Debe Mstaafu
Sawa binti yangu. Wavu ntanunua.

#23 Lukuledi
Nimesoma uzi wote. Nawauliza mafundi: Lee-Enfield ya 1888 si ilikuwa inatumia baruti nyeusi kama gobore? Kule kwetu Lindi wazee wana magobore na baruti nyeusi wanaijua. Mbona watu wasitumie hiyo kwenye .303? Haina nguvu, kwa hiyo ndiyo risasi nyepesi tayari.

#24 Fundi Mtutu
Nusu umepata. Ya 1888 ilikuwa Lee-Metford, sio Lee-Enfield. Risasi ya .303 kweli ilianza na baruti nyeusi iliyogandamizwa, kisha mapema miaka ya 1890 wakaingiza kodaiti, baruti isiyo na moshi. Kodaiti ilikuwa na joto kali, ikaila mifuo ya Metford ambayo ilikuwa ya kina kifupi na ya mviringo. Ndipo 1895 ikaja mifuo ya Enfield, yenye kina na kingo, na jina likabadilika kuwa Lee-Enfield.

Lakini kuitia baruti nyeusi leo ni kuomba kutu. Masalia yake yanavuta unyevu. Kwa hewa ya pwani, bunduki isipooshwa kwa maji siku ile ile, mtutu unakwisha. Na sheria ya wakili imebaki pale pale.

#25 Lukuledi
Nimekubali, Metford. Lakini askari wa Wajerumani 1914 si walipigana na baruti nyeusi?

#26 Fundi Mtutu
Wengi wao ndiyo, walikuwa na Mauser za mfumo wa 1871, risasi ya milimita 11. Wakifyatua moshi unawaonyesha walipo.

#27 Mtoto wa Temeke Mwisho
Mzee, na yule wa Sanamu ya Askari pale Posta ameshika nini?

#28 Fundi Mtutu
Sanamu ile iliwekwa na Waingereza 1927, na askari wake ni wa upande wa Waingereza, kwa hiyo bunduki ni ya Kiingereza. Ukipita Samora tazama pua ya bunduki. Lee-Enfield ya vita ile ya kwanza haina mtutu unaochomoza, ubao unakwenda mpaka mdomoni na singe inakaa chini yake. Ndiyo hiyo hiyo jamaa ya bunduki ya baba mdogo wa Kanga.

#29 Kanga Mwitu
Nimepita pale miaka yote sijawahi kuangalia pua.

Nirudi kwenye mada. Mbongo, ukitumia hizo nyepesi zinapiga mahali pamoja? Jamaa mmoja alimpa baba mdogo risasi za aina hiyo zamani, nje ya nchi, anasema zilikuwa zinatawanyika vibaya sana. Nyingine juu, nyingine chini.

#30 Mbongo wa Minnesota
Juu na chini ni baruti inavyolala. Ukiinua mdomo wa bunduki juu kabla ya kulenga, baruti inarudi nyuma karibu na fataki na kasi inaongezeka. Ukiinamisha, inakwenda mbele na kasi inapungua. Mimi nainua kila mara, kisha nashusha taratibu kwenye shabaha. Wengine wanaweka pamba kidogo kuishikilia, wengine wanakataza kabisa pamba, wanasema inaweza kuumiza chemba, pale ganda linapokaa. Kuna baruti ya Trail Boss ilitengenezwa kwa ajili hiyo, chembe zake zina tundu katikati na ni nyepesi, kwa hiyo inajaza ganda hata ikiwa na uzito mdogo. Huwezi kuimimina mara mbili. Tatizo imepotea madukani.

#31 Fundi Mtutu
Mimi nasema ni mtutu. Mitutu ya .303 ya wakati wa vita inatofautiana sana upana. Kichwa cha gamba la shaba kinavumilia. Cha risasi tupu kisipoijaza mifuo, gesi inapita pembeni na kukiyeyusha ubavuni. Kinatoka kinayumba. Kabla ya kulaumu baruti pima mtutu.

#32 Mwalimu wa Fizikia Tabata
Na mimi naongeza kuanguka kwenyewe. Risasi ya mita 744 ikienda mita 50 inashuka sentimita 2 na kidogo chini ya mstari wa mtutu. Ya mita 330 inashuka karibu 12. Ukiwa na kasi inayopanda na kushuka, tofauti inaonekana kwenye karatasi. Tena kilengeo cha nyuma cha Lee-Enfield kinaanzia yadi 200, hakikuundwa kwa kopo lililo hatua 30. Mpigaji anakisia, na anayekisia anatawanya.

#33 Mpemba Mkimya
Kuna jengine. Lee-Enfield bolti yake, lile komeo linaloziba nyuma ya ganda, inafunga nyuma, si mbele, kwa hivyo mwili wa bunduki hupinda kidogo risasi ikitoka na mtutu hutikisika kwa namna yake. Wapiga shabaha wa masafa marefu waliipenda kwa sababu risasi ya pole ilitoka mtutu ukiwa umenyanyuka zaidi, ikenda ikakutana na ya haraka huko mbali. Ukiitia baruti kidogo mtikisiko huo wote hubadilika. Hilo hamkulitaja.

#34 Fundi Mtutu
Mpemba unajua mambo. Lakini huo ni mtikisiko wa nguvu kamili na masafa ya yadi 800 kwenda juu. Kwa risasi ya kopo sidhani unafika popote.

#35 Mpemba Mkimya
Haufiki popote kwa kupinda, lakini mtutu hutikisika hata kwa fataki tupu. Sikubali bado.

#36 Mbongo wa Minnesota
Kuna jambo la fataki pia limenitokea kwenye .30-06. Risasi nyepesi zikipigwa mara kwa mara kwenye ganda lile lile, fataki inalisukuma ganda mbele kwa nguvu, na kwa kuwa mgandamizo wa baruti ni mdogo, ganda halinyooki tena kurudi nyuma. Bega linarudi kidogo kidogo. Ganda hilo ukija kulijazia nguvu kamili linakuwa fupi kwa chemba na linaweza kukatika. Maganda yangu ya nyepesi nimeyatia alama, hayachanganywi kamwe na mengine.

#37 Fundi Mtutu
Hapo .303 imepona. Ina ukingo kitakoni, inashikwa na ukingo, haitegemei bega.

#38 Dada Chubwi
Nawasikiliza wote lakini Kanga alitaka kula kanga. Mimi na mume wangu tuna shotigani, leseni zetu ziko sawa. Kwa kanga na kwale tunatumia marisau madogo ya kununua dukani, hatua 30, ndege anaanguka mzima, unatoa vipunje vichache kwa kidole wakati wa kusafisha. Usivimeze wala usimpe mtoto nyama iliyoharibiwa na vipunje, ikate uitupe. .303 iache kwa mnyama wake.

#39 Wakili wa Kinondoni
Dada kamaliza. Au aombe .22 kwa njia halali. Na kwa anayefikiria bunduki ya upepo, aanzie kituo cha polisi kuuliza kabla ya kununua, asidanganywe na muuzaji kwamba ile ni mwanasesere.

#40 Kanga Mwitu
Nimemsomea baba mdogo uzi mzima. Amekubali habari ya shotigani, tutaanza maombi. .303 itabaki na risasi za dukani kwa mnyama wake.

Ila swali la kwanza naona bado. Mwalimu anasema kichwa kinakwama kwenye mifuo, Mbongo anasema ni kumimina mara mbili, mzee Fundi anasema ni tabia ya baruti.

#41 Mpemba Mkimya
Nami nawauliza wote watatu. Kama ni kukwama kwa kichwa, basi bunduki ingevimba mbele ya chemba, pale mifuo inapoanza. Kama ni kumimina mara mbili, chemba yenyewe na bolti ndivyo vingeumia. Kuna aliyeshika kwa mkono bunduki iliyopasuka hivi akatazama imepasuka wapi?

#42 Fundi Mtutu
Nimeshika mtutu uliovimba. Ulivimba kama mviringo mmoja, karibu katikati, na ndani ukimulika unaona kivuli cha duara. Lakini huo ulikuwa wa kichwa kilichobaki ndani kwa sababu baruti haikutosha kukitoa, na aliyekuwa anapiga hakuangalia, akafyatua nyingine nyuma yake. Hiyo ni hatari ya nne ya baruti kidogo na hakuna anayeibishia. Ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, simama, toa bolti, tazama mtutu kutoka nyuma mpaka uone mwanga.

Iliyopasuka chembani sijaishika.

#43 Mbongo wa Minnesota
Nimeona picha ya moja, chemba imefunguka na bolti imebaki. Kwangu hiyo ni kumimina mara mbili.

#44 Mwalimu wa Fizikia Tabata
Picha haikuonyeshi aina ya baruti iliyokuwamo, Mbongo. Ikiwa ilikuwa ya polepole, mara mbili ya robo ni nusu, na nusu ya kipimo haipasui chemba kwa njia ya kawaida. Tuambie kwanza ilikuwa baruti gani.